Chemba Kichakani

Dalali alituzungusha kiwanjani harakaharaka, akisifia barabara, umeme na majirani watulivu. Kilikuwa mita 20 kwa 30, tambarare kwa macho. Mimi na dada tulishajenga kichwani: ghorofa moja, nyumba nane za kupangisha, nne chini na nne juu. Hata marejesho ya mkopo tuliyapigia hesabu kwa kodi ya nyumba hizo nane.

Dada ndiye aliyeingia kichakani. Mfuniko wa zege ukalia chini ya kiatu chake. Chemba ya maji taka! Mpima ardhi tuliyekuja naye (dalali hakumpenda tangu mwanzo) akaisaka ya pili, akaikuta nyuma, karibu na ua. Akavuta futi kamba kati ya hizo mbili. Bomba la mtaa lilipita ndani ya kiwanja, na juu ya bomba kama hilo hujengi, maana siku likiziba watakuja kuchimba.

"Limejilalia tu huko chini, wanangu, halimsumbui mtu," alisema mzee mwenye kiwanja.

Dada akachuchumaa, akaandika nyuma ya bahasha. Masharti ya ujenzi yalitaka tuache mita 5 mbele, 3 nyuma na 2 kila ubavu. Ubavu wa bomba ukawa 5. Mita za mraba 600 za kwenye hati zikabaki 286 za kujenga, na hapo ngazi hazijatolewa. Akampa mzee bahasha. Mzee aliisoma mpaka mwisho wala hakubisha. Nadhani hesabu ile alikuwa nayo siku nyingi.

Dalali akang'aka kwamba ardhi haishuki bei. Wakati huo mpima alikuwa amefunua mfuniko, akapima kina, akaninong'oneza: bomba liko chini vya kutosha, maji taka yenu yatateremka yenyewe, hamhitaji pampu wala shimo. Katika sifa zote za dalali, hiyo moja hakuitaja! Nilimkonyeza mpima afunike.

Mzee alipunguza bei. Nasi tukaweka masharti yetu: hatulipi kitu kabla ya kupekua hati kama ina deni la benki, na kabla ya kuchimba mashimo tuone kama chini hakuna mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasua kuta. Vyote vikatoka salama. Dada alitaka nyumba tano kubwa, mimi sita. Tukajenga sita.