Kambi ya RV Karibu na Yellowstone: Tulivyojifunza Kuanza na Lango

Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga, tulikodi RV, lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, tukaenda naye Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone kwa siku sita. Shemeji yangu alitufuata na gari dogo. Tangu turudi, ndugu na marafiki tunaoishi nao hapa Marekani wananiuliza tulipiga kambi wapi ili nao wakalale hapo hapo. Kabla ya kuwajibu, mimi huwauliza wanataka kuona nini, na saa ngapi.

Yellowstone ina malango matano, na barabara yake kuu ya ndani ina umbo la tarakimu 8, yenye urefu wa takriban kilomita 229. Mwendo wa juu unaoruhusiwa sehemu nyingi ni kilomita 72 kwa saa, lakini wakati wa kiangazi huwezi kuutegemea mwendo huo, kwa sababu kundi la baisani, yaani nyati wa Amerika, likiamua kutembea barabarani, magari yote husimama na kusubiri. Kwa hiyo maneno "dakika tano tu kutoka langoni" yanayopamba matangazo ya kambi hayakwambii jambo la maana, kwani safari yenyewe huanzia langoni.

Sisi tulianzia West Yellowstone, mji mdogo wa Montana ulio kwenye lango la magharibi, kwa kuwa ndio unaosifiwa na wengi. Sifa hizo ni za haki kwa anayetaka kuona Old Faithful, ile chemchemi inayorusha maji ya moto angani, maana ni kilomita 48 tu kutoka mjini. Mama, hata hivyo, alikuwa na hamu ya kuwaona mbwa mwitu wa huku, yaani wolves, na dubu. Wanyama hao hutafutwa zaidi katika bonde la Lamar, kaskazini-mashariki mwa hifadhi, na kutoka West Yellowstone kupitia Mammoth, kituo cha kaskazini mwa hifadhi, unaendesha zaidi ya kilomita 100 kabla ya kufika hata kwenye njia panda ya Tower-Roosevelt, ambako barabara ya Lamar inaanzia. Kutoka Gardiner, kwenye lango la kaskazini, njia panda hiyo iko kilomita 37. Siku ya tatu tulihamia Gardiner, na ninajuta kwamba hatukuanzia huko.

Kilichonishangaza, mimi niliyezoea habari za Serengeti ambako mgeni haruhusiwi kuzunguka usiku, ni kwamba hapa barabara zinazokuwa wazi katika msimu hupitika saa ishirini na nne. Hilo linaipa kambi iliyo upande unaokufaa thamani kubwa kuliko bwawa la kuogelea au duka la zawadi, kwa kuwa unaweza kuamka saa kumi alfajiri, ukaiacha RV imeegeshwa, ukaondoka na gari dogo na kufika bondeni kabla ya jua kuchomoza.

Kuhusu nafasi yenyewe ya kuegesha, nina uchungu wa kweli. Katika kambi ya kwanza tuliuliza urefu wa nafasi, hatukuuliza upana. RV yetu ilikuwa na ukuta wa ubavuni unaosogezwa nje ili sebule ipanuke, na nguzo ya umeme ilisimama karibu mno na ubavu huo. Nguzo ilikuwa na mistari ya rangi nyeupe, ya bluu na ya kahawia, alama za waliojaribu kabla yetu. Usiku mbili mama alilala kwenye kiti kilichokunjuliwa nusu. Siku hizi ninauliza upana, ninauliza kama umeme ni wa ampea 30 au 50, na kama gari linaingia upande mmoja na kutokea wa pili bila kurudi kinyumenyume.

Kulala ndani ya hifadhi kunavutia, lakini ni kambi moja tu humo, Fishing Bridge, inayokuunganisha na maji, umeme na bomba la majitaka kwa pamoja. Mahema hayaruhusiwi katika kambi hiyo kwa sababu ya dubu. Nafasi zake hugombewa miezi mingi kabla. Ukienda kwingine ndani ya hifadhi, jiandae kutumia maji kwa kipimo na kufuata saa za jenereta.

Uliza pia masharti ya kurudishiwa fedha. Juni 2022 mafuriko yaliikata barabara kati ya Gardiner na Mammoth, na magari ya kawaida hayakupita tena hapo hadi Oktoba. Baada ya msimu, kuanzia mapema Novemba, barabara nyingi za ndani hufungwa kwa magari ya kawaida hadi Aprili au Mei. Ile ya kutoka Gardiner hadi Cooke City, mji ulio karibu na lango la kaskazini-mashariki, ndiyo inayobaki wazi mwaka mzima.

Asubuhi tuliyoitamani tuliipata siku ya tano. Tuliegesha kando ya barabara ya Lamar, baridi ikiuma ingawa ulikuwa mwezi wa Julai, mama amejifunika kanga mbili juu ya koti, chupa ya chai ya tangawizi mapajani. Mzee mmoja aliyekuwa na darubini kwenye miguu mitatu alimwita kwa mkono. Mama aliinama, akafumba jicho moja, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Wako watatu. Mmoja mweusi."