Askofu wangu wa a1: jinsi nilivyoilazimisha simu kusema ukweli

Jumamosi ile pale Nguba, mtaa wa Bukavu, nilifungwa kwenye mchezo wa chess (sataranji) nikiwa na askofu mzima wa ziada, na ushauri niliopewa unaniudhi hadi leo. "Petit (mdogo wangu), una kitu cha ziada, badilisha ngome umalize, yako kwa yake," yaya mmoja (mkubwa wetu) aliyekuwa anatazama aliniambia. Nikabadilisha.

Tazama ubao wenyewe. Askofu wangu (sisi Bukavu tunasema fou) alikuwa a1, kisanduku cha kona. Askofu hutembea kwa mshazari tu, na mlango wake mmoja, b2, una pioni yangu. Mbele ya pioni hiyo kuna pioni nyeusi ya b3, kwa hiyo haisogei. Ngome zilipotoka, mfalme mweusi akaanza kutembea kwenda b1 kumla askofu. Mfalme wangu ikabidi abaki c1 kumlinda. Mweusi akageuza njia, akaenda upande wa pili kula pioni zangu moja moja, na mimi siwezi kuondoka.

Usiku nikafungua DroidFish, programu ya chess ya simu, ambayo ndani yake ina Stockfish, injini inayohesabu hatua, bure kabisa. Nikapanga ubao wa kabla ya kubadilisha ngome. Sekunde mbili tu, simu ikasema nyeupe inaongoza kwa 1.4. Nilifurahi sana! Nikapiga picha ya skrini, nikaituma kwa kila aliyekuwapo: mnaona, sikukosea. Asubuhi mdogo wangu akaniuliza swali moja: "Uliiacha muda gani?"

Hilo ndilo kosa nililolifanya miezi mingi: kuamini namba ya sekunde mbili. Nikaupanga ubao uleule tena na kuiacha simu ifikiri, umeme umekatika, betri inaisha. Kwenye kina (yaani hatua ngapi mbele inatazama) cha 9, bado naongoza. Cha 17, namba imeshuka nusu. Ilipopita 20 na kitu, ikavuka sifuri kwenda chini. Injini haina neno "amenaswa". Inahesabu hatua, na msiba ulio mbali kuliko hatua ilizofika, kwake haupo. Askofu inamwona, lakini matembezi marefu ya mfalme mweusi bado.

Tena, msiisome 1.4 kama "pioni moja na nusu". Tangu toleo la 15.1, la mwisho wa 2022, Stockfish ikionyesha 1.00 maana yake ni nafasi ya nusu ya kushinda mchezo ikicheza na yenyewe.

Ujanja niliougundua ni huu, na ninajivunia. Panga ubao uleule mara tatu: askofu akiwa a1, askofu akiwa ameondolewa kabisa, askofu akiwa kwenye kisanduku huru, mimi nilimweka d2. Zamu iwe ya mtu yuleyule, na kina kiwe sawa, la sivyo unalinganisha embe na ndizi. Kwangu, kumwondoa askofu kulibadilisha namba kidogo sana. Kumweka d2 kuliirusha juu zaidi ya 4. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu kwamba nilikuwa nacheza bila askofu tangu zamani.

Nikajaribu hata ule mchezo wa kwanza wa Fischer na Spassky, waliogombea ubingwa wa dunia wa chess, Reykjavik (Iceland) 1972. Fischer alikula pioni ya h2 kwa askofu, Spassky akasukuma pioni hadi g3, mlango ukafungwa. Watu husimulia kama vile mchezo uliishia hapo. Hapana: askofu alikufa, lakini Fischer alitoka na pioni mbili zaidi kama malipo, na wachambuzi wengi walionyesha baadaye kwamba sare ilikuwa bado inawezekana. Alifungwa kwa makosa yaliyofuata. Kunaswa kwa kitu kuna bei yake, na bei hiyo lazima ipimwe.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba yaya akae karibu nami, nikampa simu aondoe askofu mwenyewe. Akaitazama ile namba muda mrefu. Kisha akaniomba tupange tena, safari hii ngome zibaki.