Kabla hamjanunua apu, nani anaumia na anaumia saa ngapi?

Kazi yangu siku hizi ni kukaa na timu za watu kabla hawajaanza mradi, saccos, taasisi ndogo ndogo, vijana wa kampuni changa, na kuna kitu kimoja kimenichosha kwa kweli. Ukiwapa maka peni ukawaambia andikeni tatizo, wanaandika kitu wanachotaka kununua. Hatuna apu. Hatuna mfumo. Hatuna gari. Jamani hiyo ni oda ya dukani, na ikishaandikwa hivyo mjadala umeisha, kinachobaki ni kutafuta bei tu.

Kuna saccos walikuja na "hatuna apu ya wanachama", bajeti ipo, developa wa kuitengeneza kapatikana, mwenyekiti keshaahidi mkutano mkuu. Nikauliza, kwa kukosa hiyo apu nani anaumia, na anaumia saa ngapi? Kimya. Halafu dada wa kaunta ambaye tangu asubuhi hajafungua mdomo akasema wanachama wanajazana mwanzo wa mwezi kuuliza salio. Kwa nini? Kwa sababu salio linasoma la mwezi juzi. Ikabidi tuendelee kumchimba, kumbe mwajiri anatuma makato yote benki kwa mkupuo, orodha ya majina inakuja baadaye kwenye Excel, namba za uanachama haziendani, na yeye peke yake ndo anakaa kuoanisha jina kwa jina huku akina Juma Ally wako kibao. Sasa apu ingefanya nini hapo? Ingewaonyesha watu salio la zamani wakiwa kwao kitandani badala ya kaunta.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Busia, Kenya. Miaka ya 90 shule za msingi kule vitabu vilikuwa haba sana, kila mtu anaona kabisa tatizo ni vitabu. Mwaka 1996 shirika moja likagawa vitabu rasmi vya serikali kwa shule 25 kati ya 100, na wachumi akina Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakafuatilia. Wastani wa alama haukupanda! Walionufaika ni wale wale waliokuwa wanaongoza tangu mwanzo, maana vitabu viliandikwa kwa Kiingereza na kwa watoto wengi kule hiyo ni lugha ya tatu, nyumbani Kiluhya au Kiteso, halafu Kiswahili, ndo Kiingereza kije. Kuanzia 1998 huko huko zikaanza kutolewa dawa za minyoo kwenye mradi wa shule 75, na utafiti ukaonyesha utoro umepungua kwa karibu robo (wataalamu wamezibishania sana hizo hesabu baadaye, ila sawa). Niambie ni kikao gani cha elimu mtu angesimama aseme tatizo letu ni minyoo, si angechekwa.

Kwa hiyo kwangu mimi sentensi ya tatizo hairuhusiwi kutaja kifaa chochote. Itaje mtu, itaje saa, na itaje anafanyaje sasa hivi ili mambo yaende, na hicho cha mwisho ndo kina utamu. M-Pesa ilijaribiwa Kenya 2005 kwa ajili ya watu kulipa mikopo midogo, watu wakaanza kuitumia kurushiana hela wenyewe kwa wenyewe, ndo 2007 ikazinduliwa kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Ilibidi mtu awe anaangalia wanachofanya.

Halafu wa kaunta lazima awepo kikaoni, na bosi aongee mwisho. Hili la bosi ndo gumu kuliko yote, wengine wanakubali halafu dakika tano tu keshadakia.

Kama mkataba na developa umeshasainiwa huwa sibishani, naomba tu developa kabla hajaanza kuandika programu aje akae kaunta mwanzo wa mwezi, kiti cha pembeni ya yule dada, asiulize kitu, aangalie foleni. Developa wenyewe huwa hawakatai, wanaokataa ni mameneja.