Vikombe 30, siku ya 21, hakuna kilichotema

Vikombe 30 tulivyofinyanga wenyewe viko kwenye rafu ya jikoni, juu kabisa ya sufuria ya maharage, mahali mvuke unapovipiga kutwa nzima. Hakuna hata kimoja kilichotema. Asubuhi hii nimevipapasa kimoja kimoja kabla hata sijapiga mswaki. Baba watoto ananicheka, lakini jana usiku nilimkuta naye amesimama hapohapo na tochi ya simu.

Kutema ni neno letu la nyumbani. Kikombe kinatoka tanurini kizima, ukikigonga kinalia kama kengele, unakiuza. Siku ya nane au ya tisa, kimetulia zake kabatini, unasikia tap! Kimerusha kigamba cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na pale kilipobanduka pamebaki kishimo. Chungulia katikati ya kishimo: kuna nukta nyeupe, kama chenga ya mchele.

Oda yetu ya kwanza ya maana, vikombe 24 vya mgahawa mmoja Sokomatola, iliishia hivyo. Mwenye mgahawa hakugomba. Alinipigia tu akaniambia, "Dada, vikombe vyako vinaangua vifaranga." Vilikuwa vimetema 11. Tukarudisha shilingi 96,000 yote, na hela yenyewe ilishanunua mabanzi ya kuchomea.

Hapo ndipo tulipoanza kulaumiana. Mimi nilimlaumu yeye na moto wake, maana pale kwenye nyuzi 573 kila mfinyanzi anajua panataka utulivu, yeye anasukuma mabanzi kama anaendesha treni ya TAZARA. Yeye akasema mimi naanika kwa pupa. Tukaanika wiki mbili kivulini. Tukachoma polepole, saa 14, tukipokezana usingizi. Vikatema vilevile. Kilichotupoteza zaidi ni msimu: vya Septemba vilikaa salama, tukaapa kwamba udongo hauna kosa. Novemba mvua zikaingia, ukungu wa Mbeya mnaujua, nguo zinakaa kambani siku tatu, na vile vya Septemba navyo vikaanza kulipuka.

Aliyenifumbua macho ni mama anayeuza vyungu Mwanjelwa, vile vya Wakisi vinavyotoka Ikombe, kule Matema. Nilimpelekea gae. Akaligeuza, akakwangua ile nukta kwa ukucha.

"Mwanangu, hii si chokaa? Udongo umeutoa wapi?"

"Songwe, mama."

Alicheka mpaka akaliweka gae chini. "Wenzio wanachimba mawe ya saruji, wewe unachimba vikombe!"

Nilirudi nyumbani nikachukua bonge la udongo mkavu, nikalidondoshea siki. Likatoa mapovu kama soda. Kipimo cha matone mawili ya siki, na sisi tumezunguka miezi miwili!

Maana yake ni hii. Chembe ya jiwe la chokaa ndani ya udongo, moto ukizidi nyuzi mia nane na kitu, inapoteza hewa yake ya kaboni na kubaki chokaa isiyozimwa, ileile mafundi ujenzi wanayoimwagia maji ikachemka. Ndani ya kikombe haipati maji, kwa hiyo inayanyonya kidogokidogo kutoka hewani. Ikishanyonya inavimba. Ikivimba, kigamba kinaruka. Kupaka kioo, yaani ule mng'ao wa juu unaoyeyukia tanurini, hakuizuii, nacho kinaruka pamoja na kigamba.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuchoma kwa moto mdogo, chokaa isigeuke. Havikutema, ila ukivigonga vilitoa sauti ya boga na ukingo ulimeguka mkononi. La pili, kuvizamisha kwenye maji vikiwa bado na uvuguvugu wa tanuri, chokaa izimike mapema. Hii ilisaidia kwa kiasi. Kati ya 20 vilitema vitatu, na mimi siuzi kikombe kwa bahati nasibu.

Kilichobaki ni kuchuja. Wavu wa mbu wa dirishani ni mpana mno, chembe zinapita zikikupungia mkono. Pazia jepesi lilichuja vizuri likachanika ndoo ya pili. Mwishowe tukaagiza Dar chekeche la waya lenye matundu 80 kwa inchi, bei ikaniuma, na udongo wote sasa unapita humo ukiwa uji mwepesi. Siki bado inatoa mapovu, usishangae! Chokaa imo, ila imekuwa unga mlaini uliotawanyika, haina tena nguvu ya kusukuma kitu. Vile 30 vya rafuni ni vya udongo huu.

Kwa kukausha ule uji, achana na foronya za kuning'iniza. Nunua jipsamu ya mafundi wa siling'i, mimina bapa la unene wa vidole vitatu, likishakauka mwaga uji juu yake, ndani ya siku moja udongo unakandika. Na waya wa kukatia uwe wa breki ya baiskeli. Gurudumu letu ni habu ya gari na duara la zege, linasukumwa kwa mguu. Mwenye la umeme atuambie anafanya nini umeme ukikatika chungu kikiwa nusu.

Wiki hii nilipanga kujaribu kioo cha majivu ya pumba za mpunga kutoka Usangu. Sijagusa. Yule mwenye mgahawa, nilipompelekea sampuli mbili za kumwomba radhi, aliuliza kama naweza kumfinyangia chujio la kahawa la kukaa juu ya kikombe, la kahawa yake ya Mbozi. Tangu juzi sifinyangi kingine. La kwanza maji yalipita kabla sijaweka birika chini. La pili, tundu moja, yamegoma kabisa. Baba watoto anachonga kijiti chembamba zaidi cha kutobolea, na majivu bado yako kwenye kiroba chini ya ngazi.