Droo ya madai yaliyorudishwa

Daktari aliponiambia tutafute kampuni ya nje itushughulikie bili za bima, mi nilinuna. Miaka yote nilikua mapokezi mchana naandikisha wagonjwa, jioni nakaa na fomu za bima, sasa ikawa kama naambiwa kazi imenishinda. Na ilikua imenishinda kweli, ila nani anapenda kuambiwa. Chini ya meza yangu kulikua na droo, kila dai likirejektiwa na bima natupia humo nasema Jumamosi ntalishughulikia, na Jumamosi zenyewe mnazijua.

Tulianza na kampuni tatu. Moja niliitoa siku hiyo hiyo, jamaa anataka paswedi ya mfumo wetu wa wagonjwa "ili aone mazingira" kabla hata hatujasaini karatasi yoyote ya kutunza siri, nikamwambia asante, kwaheri. Zikabaki mbili. Ya kwanza ilikua inataka asilimia 4 ya hela zitakazokusanywa, ya pili asilimia 7, na Daktari moyoni alikua ashachagua nikimwangalia tu.

Usiku wa kuamkia siku ya kikao sikupata usingizi vizuri, nikawaza hivi hawa watu tutawajuaje, kila mtu akija anasema yeye mzuri. Asubuhi nikawahi kliniki, nikafungua droo nikachomoa madai 10 bila kuchagua, nikatoa kopi, nikafuta majina na namba za kadi kwa maka pen nyeusi maana hayo ni mambo ya wagonjwa hata kama unapima mtu. Daktari sikumwambia.

Wa asilimia 4 alikuja na laptopu, na michoro ya rangi inayopanda tu haishuki. Alipomaliza nikamsogezea zile karatasi nikasema samahani kaka, hizi zilirudishwa, tatizo liko wapi? Akazigeuza geuza, akasema mfumo wao una uwezo wa kugundua makosa wenyewe. Sawa, ila hizi je? Mfumo. Nikamuuliza na haya madai madogo madogo, kumwona daktari tu, kubadilisha bandeji, nani atayafukuzia? Akajibu wanaanza na yenye tija. Hapo nikaandika kitu kwenye daftari langu, maana kliniki yetu karibu yote ni hayo madogo.

Wa pili alikua mama mtu mzima, hana laptopu, ana miwani na peni nyekundu. Nikampa zile zile. Akazipanga mezani kama anacheza karata. "Hili limepelekwa muda wa mwisho umeshapita, hapa tusidanganyane mwanangu, hela hairudi." Lingine halina namba ya kibali cha bima, na kipimo chenyewe ni cha kuombewa kibali kwanza. Lingine ugonjwa umeandikwa I10, ambayo kwenye ICD-10, zile namba za kuandikia magonjwa, ni presha, halafu kinachodaiwa ni eksirei ya mguu, sasa bima ilipie mguu kwa sababu ya presha? Mawili yalikua dai moja limetumwa mara mbili. Akafika kwenye karatasi moja akavua miwani.

"Kipimo cha ujauzito, jinsia ME. Huyu mwanaume mjamzito nani kamwandikisha?"

Daktari akaangalia dirishani. Mwandiko ulikua wangu, ile E yangu inajulikana kliniki nzima.

Nikasema mimi, mama. Wala hakucheka, akasema tu kwamba kati ya hizo 10, 6 zimeharibikia mapokezi kabla hazijafika kwa mtu wa bili, kwa iyo hata mkimwajiri nani, mkiendelea kumpelekea takataka atawarudishia takataka.

Walipoondoka Daktari bado alikua kwenye zile namba zake, 4 ni ndogo kuliko 7, basi. Nikamchorea. Tuseme tumedai 100, huyu wa 4 akakusanya 70, akichukua chake tunabaki na 67 na kidogo. Mama akikusanya 85 akachukua asilimia 7 yake, tunabaki na 79. Sasa nani ghali? Akasema hizo 70 na 85 umezitoa wapi, nikakiri nimezitunga, ila karatasi 10 sijazitunga. Akanyamaza muda mrefu, akasema mpigie.

Mkataba ulituchukua wiki nzima, tena mama mwenyewe ndo alituzindua mengine, alisema wazi asilimia inamvuta mtu kwenye madai makubwa, hata yeye, kwa iyo tuandike kwamba kila dai lililorudishwa lazima lijibiwe, dogo kwa kubwa, na kila mwezi alete orodha ya yasiyolipwa kwa umri, ya siku 30, 60, 90 na yaliyozidi hapo. Hela ziingie akaunti yetu moja kwa moja, yeye tumlipe baadae. Tulikobishana ni kwenye kuachana, yaani tukiachana yale madai ambayo hajayamaliza yanakua ya nani na kumbukumbu tunazipataje, Daktari akaona naleta uchuro kuongelea talaka kabla ya ndoa, mi nikakomaa, ikaandikwa.

Siku ya kwanza ya kazi mama alikuja akaomba droo. Nikampa na ufunguo. Akabeba yote, akaniachia karatasi moja tu mezani, ya yule mjamzito, akasema hili muda bado upo, rekebisha mwenyewe.