Siku C ilipogeuka kuwa kinga

Mafaili ya data ya DNA yalikuwa mawili, kila moja na maabara yake, na ndani ya kila moja wamo wagonjwa wa mishipa ya moyo pamoja na watu wa rika lao wasio na ugonjwa, wote wa asili ya Ulaya. Kazi ya siku ile ilikuwa kuyaunganisha. Tulianza na eneo la 9p21, kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 9, maana pale jibu linajulikana tangu 2007: kwenye rs1333049, jina la mahali pamoja ambapo herufi ya DNA hutofautiana kati ya watu, kila nakala ya herufi C (mtu hurithi nakala mbili, moja kwa kila mzazi) huongeza hatari ya ugonjwa huo kwa takriban robo, na mwenye nakala mbili hukaribia mara 1.6 ya asiye nayo hata moja. Hatari hiyo haipitii kwenye kolesteroli wala shinikizo la damu. Kwa hiyo ukiona 9p21 imenyamaza, yaani haionyeshi hatari yoyote, shuku data kabla ya kushuku jeni.

Ikanyamaza. Tulipoyatenganisha tena mafaili, la kwanza lilitoa jibu tulilolizoea. La pili likadai kuwa C inakinga, tena kwa kipimo kile kile, ila kichwa chini miguu juu: uwiano wa hatari kwa kila C (1 maana yake hakuna tofauti), uliostahili kuwa karibu na 1.3, ukawa karibu na 0.77. Ukiyachanganya mawili hayo, unabaki na 1.

DNA ina nyuzi mbili: A hukabiliana na T, C na G. Mahali penye A au G, mashine ikisoma uzi wa pili italeta T au C, na kosa utaliona papo hapo. rs1333049 ni C au G. Uusome uzi uutakao, herufi ni zile zile mbili, ila zimebadilishana maana.

Kibaya zaidi, ukaguzi wa kawaida hauoni kitu. Chukua watu 100 ambao herufi zao zimegawanyika nusu kwa nusu: kanuni ya Hardy–Weinberg, inayokadiria wangapi watakuwa na kila jozi ya herufi, inatarajia CC 25, CG 50 na GG 25. Geuza uzi, CC na GG wanabadilishana viti, CG hawasogei, na kipimo kinapita bila wasiwasi. Kiwango cha C nacho hakisaidii, kwa kuwa katika watu wale kiko karibu na nusu, 0.47 ikisomeka 0.53, nani atashtuka?

Aliyefichua ni jirani, rs10757278, mahali pengine karibu hapo kwenye 9p21. Huyu ana A au G, hana utata, na G yake hurithiwa pamoja na ile C karibu kila mara. Kwa kila faili tulichora jedwali la mistari mitatu na safu tatu, jirani upande mmoja, rs1333049 upande wa pili. Katika faili la kwanza, wenye GG kwa jirani waliangukia CC, wenye AG wakaangukia CG, wenye AA wakaangukia GG. Katika la pili, wenye GG kwa jirani walirundikana kwenye GG. Hapo hapakuwa na cha kubishania.

(Kwa watu wa asili ya Afrika jedwali hilo lisingekuwa safi hivyo, kwani vipande vinavyorithiwa pamoja ni vifupi zaidi. Kwao, ushahidi bora ni kuchukua mfuatano wa herufi takribani 50 za kinasio cha chipu (kipande cha DNA ambacho kifaa cha kupimia hutumia kunasa mahali husika) na kuutafuta kwenye jenomu ya marejeo, yaani mfuatano wa DNA ya binadamu unaotumiwa kama kielelezo: ukilingana na uzi wa nyuma, geuza.)

Kurekebisha herufi hiyo moja kungekuwa kujidanganya. Faili lililogeuka mahali pamoja huenda limegeuka pengi, na alama ya hatari inayojumlisha mamia ya tofauti itawapanga watu kinyume bila kupiga kelele. Tulizipitia zote za C na G, na za A na T. Zenye jirani wa kutegemewa ziligeuzwa. Zisizo naye, ambazo pia zina kiwango kati ya 0.4 na 0.6, zikatupwa. Ndipo tukaunganisha upya, tukianza tena na 9p21.