Mkwaju unaokosekana mwishoni mwa jina la folda

Ukiandika `pic` pale kihariri cha temino kinapouliza faili la kufungua, kisha ukabonyeza Tab, unatarajia kupata `picha/`. Likija `picha` tupu, vidole vinaendelea kuandika vikidhani mkwaju (ile alama ya `/`) upo, na faili linahifadhiwa kwa jina `pichaharusi.txt` mahali pasipo pake. Kwa mkwaju ule kihariri kinasema kwamba kimeangalia diski na kimekuta folda. Ndiyo maana kasoro hii, ndogo kwa macho, inastahili siku nzima ya kazi.

Ya leo ina sura hii: folda za kawaida zinakamilika sawasawa, ila folda inayofikiwa kwa kiungo cha `ln -s` (jina linaloelekeza tu kwenye folda iliyo kwingine) haipati mkwaju. Ukisoma malalamiko haya haraka utakimbilia mstari unaobandika mkwaju. Mara nyingi mstari huo hauna kosa. Kosa liko nyuma yake, pale msimbo unapoamua kipi ni folda na kipi si folda.

Funksheni ya C iitwayo `readdir`, inayosoma yaliyomo kwenye folda, huleta jina na, kwenye Linux, huleta pia `d_type`, yaani aina ya faili. Inashawishi kuitumia kwa sababu inaokoa safari ya pili kwenye kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Lakini kwa kiungo, `d_type` husema `DT_LNK` tu. Haisemi kinaelekea wapi. Kuna na mifumo ya faili, kama XFS iliyoundwa kwa `ftype=0`, inayojibu `DT_UNKNOWN` (haijulikani) kwa kila kitu, na huko hata folda halisi hunyimwa mkwaju. Ext4 na Btrfs huijaza vizuri, hivyo kasoro inaweza kukaa miaka kwenye mashine ya mtunzaji bila kuonekana. Kiwango cha POSIX (kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix) cha 2008 hakikuidai sehemu hiyo hata kidogo.

Dawa ni fupi. Ikiwa ni `DT_DIR` (folda), amini. Ikiwa ni `DT_LNK` au `DT_UNKNOWN`, ita `stat`, inayofuata kiungo hadi mwisho wake, kisha pima `S_ISDIR(st.st_mode)`. Iwe `stat`, maana `lstat` husimama kwenye kiungo chenyewe na kukurudisha ulikotoka. Kiungo kilichokatika kitaleta -1 na `ENOENT` (hakuna faili kama hilo): kiache kwenye orodha bila mkwaju, usikifute.

Hapa ndipo kosa la pili hujificha, na ndilo linalokula muda. Watu huandika `stat(entry->d_name, &st)`. Jina hilo halina njia ya folda mbele yake, kwa hiyo kerneli hulitafuta kuanzia folda ambamo kihariri kilifunguliwa, wala si folda inayokamilishwa. Ukijaribu ukiwa ndani ya folda ileile, kila kitu kinakwenda. Andika `kazi/pic` na mkwaju unapotea tena. Unaweza kuunganisha njia yote kwa mkono, lakini naona `fstatat(dirfd(dir), entry->d_name, &st, 0)` (hutafuta kuanzia folda inayokamilishwa) ni salama zaidi, kwa kuwa hakuna bafa, yaani nafasi ya kumbukumbu, ya kupimia. Ukiunganisha, tenga baiti mbili juu ya urefu wa njia ya folda na wa jina kwa pamoja, moja ya mkwaju na moja ya sifuri ya mwisho, kisha kompaili kwa `-fsanitize=address`, inayokamata makosa ya kumbukumbu, ujihakikishie. Usisahau `~` (folda ya nyumbani ya mtumiaji): hapa hakuna sheli ya kuifafanua, kihariri ndicho chenye kazi hiyo. Katika kihariri cha nano, fungua `src/files.c` uone inavyofanyika.

Tuseme sasa kuna `picha` na `picha-za-zamani`. Sehemu inayofanana ni `picha`, ambayo nayo ni folda. Mkwaju usiwekwe! Ukiwekwa, umeifungia mlango folda ya pili. Sharti liwe kwamba limebaki jina moja tu linalolingana. Kuuliza kama maandishi yaliyopatikana ni folda hakutoshi.

Kukata sehemu inayofanana kwa baiti nako kuna hatari. Katika UTF-8, namna ya kuandika herufi kwa baiti, é ni (kwa heksadesimali) C3 A9 na è ni C3 A8, kwa hiyo majina mawili yanayotofautiana hapo tu yatakatwa baada ya C3, na mtumiaji ataona alama ya ajabu. Baiti ya kwanza iliyotofautiana ikiwa kati ya 80 na BF, rudi nyuma hadi mwanzo wa herufi.

Majaribio yanahitaji folda ndogo tu:

```
cd "$(mktemp -d)"
mkdir -p kazi/halisi "kazi/picha za harusi"
ln -s halisi kazi/kiungo
ln -s haipo kazi/kimekatika
```

Anzisha kihariri kutoka nje ya `kazi`, kikiwa chini ya `strace -o /tmp/nyayo -e trace=%file` (inayoandika kila ombi la faili linalokwenda kwenye kerneli), bonyeza Tab baada ya `kazi/kiu`, kisha soma `/tmp/nyayo`. Ukikuta `AT_SYMLINK_NOFOLLOW` kwenye mstari wa `kiungo`, kuna `lstat` mahali. Ukikuta `"kiungo"` bila `kazi/` mbele yake, na kabla yake kuna `AT_FDCWD` (yaani folda ambamo kihariri kilifunguliwa), hilo ndilo kosa la njia. Kwa `DT_UNKNOWN` huhitaji diski nyingine: weka thamani hiyo kwa muda ndani ya msimbo, kompaili, jaribu, ondoa.

Viraka viwe viwili, kimoja cha aina ya faili na kimoja cha njia, ili siku moja `git bisect`, inayotafuta badiliko lililoleta kasoro, ikisimama hapa imwonyeshe mtu kosa moja tu.